Shajara ya Mradi: Kuwafunza Wanafunzi wa Vyuo Nafasi za Uongozi Mitaani, Mombasa

Januari, vyuo vinapofunguliwa

Tumeanza. Wanafunzi waliojitokeza wametoka vyuo vitatu, viwili vya kisiwani na kimoja cha upande wa Kisauni, na masomo yao hayafanani: umeme, uuguzi, ualimu, uhasibu, hoteli, mambo ya bahari. Wengi ni wazaliwa wa Mombasa. Wengine wametoka Taita, Kilifi, Tana River na bara, wamepanga vyumba Kisauni na Tudor, na mji wanaujua kwa njia ya matatu ya kwenda chuoni na kurudi. Tulimuuliza kila mmoja anataka nafasi gani katika kazi za kujitolea mitaani. Karibu wote wakajibu: mwenyekiti.

Jibu hilo limetupa pa kuanzia. Mafunzo ya uongozi kwa vijana hapa Pwani hayakosekani, na mengi humfundisha kila mtu jambo lilelile: kusimama mbele ya watu, kusema kwa kujiamini, kuandika malengo. Kijana hupewa cheti akaenda zake. Akifika mtaani anakuta kazi inamtaka mtu wa kuandika barua ya ruhusa, mtu wa kushika fedha za watu asizichanganye na zake, mtu wa kujua maji yanakupwa saa ngapi, mtu wa kukaa na kina mama mpaka wamwamini. Hayo hakufundishwa. Basi kikundi kinakuwa na wasemaji kumi na hakuna hata mmoja aliyebeba ufunguo wa stoo.

Kwa hivyo mradi huu unafundisha nafasi, moja moja. Kuna mjumbe wa mtaa, anayewasikiliza wakaazi na kuwarudishia majibu. Kuna mpanga ratiba, ambaye siku, vyombo, usafiri na chakula ni vyake. Katibu ana barua, kumbukumbu za vikao na rekodi za kazi. Halafu mweka hazina, msimamizi wa usalama na msemaji. Mwenyekiti yupo pia, lakini kazi yake tumeieleza waziwazi: kuendesha kikao kiishe kwa wakati na kuhakikisha wenzake wamepata wanachohitaji.

Kila mwanafunzi atashika nafasi moja mpaka katikati ya mwaka. Na kila nafasi ina mlezi wake wa mtaani, mtu ambaye kazi hiyo tayari anaifanya, mara nyingi bila ya cheo wala malipo. Walezi wa waweka hazina ni akina mama wanaoshika fedha za vyama vya kuchangiana. Mlezi wa mpanga ratiba wa Mikindani ni mvuvi mzee. Mlezi wa wasimamizi wa usalama ni muuguzi mstaafu, mama mkali na mwenye huruma kwa pamoja. Tathmini ya mwisho ataitoa mlezi, na sisi wa ofisini hatutaigusa.

Kaunti ya Mombasa ina kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Changamwe, Jomvu na Likoni. Tumechagua pahali pawili tu, Mikindani kule Jomvu, na Likoni. Vijana walitaka kwenda kote. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Mtaa unaotembelewa mara moja haumfundishi mtu uongozi.

Februari, wiki za mwanzo

Wajumbe wa mtaa wamekuwa wa kwanza kuingia kazini, maana hakuna kitakachopangwa kabla wao hawajarudi na maneno ya wenyeji. Maagizo yao ni mafupi: nenda na mzee wa mtaa, salimu, kaa chini, uliza, andika alivyosema mwenyewe. Usiahidi kitu.

Mikindani walikwenda wakiwa na fikira ya kusafisha ufuo. Mama mmoja anayeuza kaa na samaki aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia, "Wanangu, mtasafisha Jumamosi, Jumatatu taka zinarudi na maji. Ya taka tutayazungumza. Mimi nataka mikoko." Akawaeleza sababu moja baada ya nyingine: watu wamekata kwa kuni na kwa boriti, maji machafu ya majumbani yanashuka hukohuko, na kaa wanaopatikana sasa ni wadogo. Kijana aliyekuwa akiandika alimuuliza kama wao wakija na miche itatosha. Mama akacheka kidogo. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Njooni tatu, nne. Hapo ndio nitawajua."

Maneno hayo yameandikwa kwenye daftari kama yalivyo, na ndiyo yaliyobadilisha mpango mzima wa Mikindani. Kwangu mimi mjumbe wa mtaa ndiye kiongozi mwenye nafasi ngumu kuliko wote. Anabeba maneno ya watu wasiokuwepo kwenye kikao, na kuyalinda yasigeuzwe yafuate ratiba ya chuo.

Katibu naye kapata kazi. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya misitu ya serikali mwaka 1932, kwa hivyo hata kupanda si jambo la kuamka asubuhi na kwenda. Panatakiwa ruhusa ya Huduma ya Misitu, KFS, na kufanya kazi pamoja na chama cha jamii cha kuhifadhi msitu, utaratibu uliomo katika Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Katibu wetu wa Mikindani anasoma uhasibu, na barua rasmi hakuwahi kuandika. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili za shukrani na sifa. Mlezi wake, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa katibu wa vikundi miaka mingi, alichukua kalamu nyekundu akaacha mistari sita: sisi ni nani, tunaomba nini, wapi, lini, nani anatusimamia, nani wa kupigiwa simu. Chini, nakala kwa chifu na kwa mwakilishi wadi. Barua hiyo ya mistari sita ndiyo iliyopelekwa, na ruhusa imepatikana.

Februari, mwisho wa mwezi

Kabla ya Ramadhani kuandama tuliwapeleka Gazi, Kaunti ya Kwale, mwendo wa kilomita kama 50 kusini mwa Mombasa. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi wao uitwao Mikoko Pamoja, unaohifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa na miti hiyo, yaani kulipwa kwa sababu miti inaizuia hewa hiyo isiingie angani. Ndio mradi wa kwanza duniani wa mikoko uliofanya biashara hiyo. Fedha zinazopatikana zimekwenda kwenye mambo ambayo wanakijiji wenyewe wameamua, maji na shule yakiwa mbele.

Nilitaka waone jambo moja: kwamba miti ile haikusimama kwa sababu ya kiongozi mmoja mwenye kipaji. Imesimama kwa sababu kuna kamati, kuna watu wa doria, kuna wanaohesabu miti, kuna wanaoweka fedha wazi mbele ya kijiji. Kwenye daraja la mbao la akina mama wa Gazi, lile linalopita katikati ya mikoko, tulisimama muda mrefu tukijifunza kuitambua miti kwa mizizi yake: mkoko wenyewe na miguu yake iliyopinda, mchu na vidole vyake vinavyochomoza topeni, mlilana ulio mbele kabisa baharini. Makatibu walichora. Msemaji mmoja alitaka kurekodi video ya kuzungumza yeye. Akamwachia mwenzake simu, akaenda kusikiliza.

Tulirudi jioni. Foleni ya magari pale feri ya Likoni ilikuwa ndefu, na mpanga ratiba, bila kuambiwa na mtu, aliwashusha wenzake wavuke kwa miguu, basi libaki na dereva.

Machi, Ramadhani

Mchana joto la kaskazi halina huruma na wengi wetu tumefunga, kwa hivyo kazi za jua tumeziweka kando. Huu umekuwa mwezi wa fedha. Tunakutana baada ya tarawehe, Likoni, barazani kwa mama mlezi wa mweka hazina. Wasiofunga wanakuja vilevile, na chai na mahamri huwapo kwa wote.

Mama huyu hakusoma uhasibu. Ameshika fedha za chama cha kina mama kwa miaka mingi na hakuna siku zilizopungua. Njia yake nimeiona kwa macho yangu. Ana daftari kubwa la mistari, alilolichorea nguzo tano kwa rula: tarehe, jina, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Fedha ikija kwa M-Pesa, anaandika kwa mkono zile herufi na nambari kumi za ujumbe, zote, kisha anamsomea aliyetuma kwa sauti. Tulimuuliza kwa nini aandike wakati ujumbe umo simuni. "Simu inaibwa, mwanangu. Simu inaanguka baharini. Daftari langu liko ndani ya sanduku." Fedha za taslimu hazilali kwake hata usiku mmoja zikizidi kiasi walichokubaliana, asubuhi zinakwenda benki, na kuzitoa kunahitaji sahihi za watu wawili.

Mwanafunzi wake anasoma uhasibu mwaka wa tatu na anazijua leja na mizania kuliko sisi sote. Alichojifunza pale ni kingine. Siku moja mwanachama alikuja kwa ghadhabu kuuliza michango yake imekwendaje. Kijana alikunja uso. Mama alifungua daftari, akamwonyesha yule mwanachama mstari kwa mstari, taratibu, akamaliza kwa kumkaribisha chai. Alipoondoka, mama alimgeukia mwanafunzi: "Ukiulizwa usikasirike. Aliyekuuliza ndiye mwenyewe."

Nimemwomba kila mweka hazina aliandike hilo ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Sijui somo la fedha lililo bora zaidi kwa kijana atakayekuja kuwa diwani, mkurugenzi au mkuu wa shule.

Tuliongeza pia jambo la damu, maana wauguzi wetu walilitaka. Wanafunzi ni sehemu kubwa ya watu wanaochangia damu nchini, kwa hivyo vyuo na shule zikifungwa, au mwezi wa kufunga ukiingia, akiba hupungua, na hospitali haipumziki. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwa muda wa wiki tano au sita tu. Msimamizi wa usalama alipanga zoezi la kuchangia lifanyike chuoni baada ya Idd, akishirikiana na watu wa huduma ya damu. Masharti aliyabandika ukutani wiki nzima kabla: umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, mwanamume akishachangia angojee miezi mitatu, mwanamke minne, na kinachochukuliwa ni mililita 450. Waliokuwa na hofu waliisoma wakiwa peke yao, wakauliza maswali kwa faragha. Siku ilipofika foleni ilikwenda vizuri.

Aprili, bamvua

Siku ya kupanda Mikindani imekuja, na hapa ndipo mpanga ratiba alipofundishwa kazi yake.

Alikuwa amechagua Jumamosi fulani kwa sababu chuo hakina masomo na basi lilikuwa huru. Akaenda kumwarifu mlezi wake. Mvuvi alikuwa amekaa akishona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwezi umeandama siku ngapi leo?"

Kijana akatoa simu. Mzee akangojea, kisha akamhesabia kwa vidole. Mwezi ukiandama na ukikamilika, ndipo pana bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za bamvua hapa Mombasa maji hukupwa saa nne, saa tano za asubuhi, na matope ya mikoko hubaki wazi kwa saa kadhaa. Kila siku inayofuata maji huchelewa, kiasi cha dakika 50 hivi. Ukifika siku za maji mafu, asubuhi utakuta bahari imejaa au inajaa, na watu wako watasimama ufuoni na miche mkononi. Jumamosi aliyoichagua ilikuwa ya maji mafu.

Yule kijana alirudi chuoni, akachukua jedwali la maji la Kilindini, akalilinganisha na hesabu ya vidole vya mzee. Zikakubaliana. Akasogeza siku, akaomba basi upya, akapiga simu kwa kila mtu. Tangu hapo hawezi kupanga kitu cha ufuoni bila ya kuangalia mwezi kwanza, na amewafundisha wenzake wawili.

Siku yenyewe mama muuza kaa alikuwepo kabla yetu. Ndiye aliyetuonyesha mbegu za mkoko zilizokomaa, zile ndefu kama rula zinazochipua zikiwa bado juu ya mti: iliyo tayari ina pete ya manjano shingoni, na ukiigusa inaachia. Isiyo na pete iache. Inachomekwa topeni theluthi moja hivi, kichwa juu, hatua moja kutoka kwa mwenzake. Kikundi cha wenyeji kiliomba pia safu chache zipandwe mbele zaidi, karibu na maji, kama jaribio.

Msimamizi wa usalama aliwakataza watu kuingia topeni mpaka amalize kazi yake. Alikuwa na glavu nene, viatu vya mpira, maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza na ndoo nyekundu yenye kifuniko. Ufuo ule hupokea taka za kila namna, na sindano zilizotumika zimo. Alitembea mbele na wenzake wawili, wakiangalia chini, na kila sindano ikaokotwa kwa koleo ndefu, ncha ikielekezwa mbali na mtu, ikatiwa ndooni. Hakuna aliyeruhusiwa kuishika kwa mkono, hata mwenye glavu. Ndoo ilifungwa ikapelekwa kituo cha afya ili vilivyomo viteketezwe.

Alikuwa pia na orodha ya watoto. Watoto wa mtaani hufuata kila kikundi cha vijana wanaokuja na basi, na hilo ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yawekwe mbele, kwa hivyo tumeweka kanuni zetu: mtoto haingii topeni, hapigwi picha bila idhini ya mzazi, na hakuna mwanafunzi anayebaki peke yake na mtoto. Nambari 116, ya kupiga bure ikiwa mtoto yuko hatarini, imeandikwa nyuma ya kadi ya kila mmoja wetu.

Katibu alihesabu miche. Nilimweleza yeye na wenzake kuhusu Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Akina mama wa vitalu vyake walilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika ukakua. Waliopanda tu hawakulipwa kwa kupanda. Katibu alilipenda hilo, akachora nguzo ya pili katika daftari lake, akaiandika "walio hai Julai."

Mei, Likoni

Nimengojea kuuandika ukurasa huu.

Maji ya Likoni hutoka upande wa Kwale, chemchemi za Marere na visima vya Tiwi. Mabomba yapo katika nyumba nyingi. Maji hayapo kila siku, na yanapokuja hayasemi yanakuja lini. Watu hununua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mikokoteni, na bei hupanda ukame wa bomba ukizidi. Wajumbe wa mtaa walikuwa wamekusanya hayo tangu Februari, nyumba kwa nyumba.

Chini ya Katiba ya 2010 huduma za maji ziko mikononi mwa kaunti, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake wazi na kuwashirikisha wananchi. Kila mwaka makadirio ya bajeti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai mosi wananchi husikilizwa. Kwa hivyo Mei ndio mwezi wa kusema.

Msemaji wetu ni mwanafunzi wa ualimu mwenye sauti nzuri na lugha nzuri zaidi. Alikuwa ameandika hotuba. Mlezi wake, mama anayeuza samaki wa kukaanga huko Bofu, mojawapo ya wadi za Likoni, alimwambia aisome. Alipomaliza, mama alimuuliza, "Na wewe, baba, maji unateka wapi?" Akajibu anakaa hosteli ya chuo. "Basi mimi ndiye nitakayesema. Wewe nitayarishe."

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya wiki mbili. Kila jioni alivuka feri, akakaa na mama pembeni ya karai la mafuta, wakapunguza maneno. Aliondoa sifa za viongozi. Aliondoa mambo manane aliyotaka kuyasema mama, wakabaki na ombi moja, kwa sababu kila msemaji hupewa dakika chache na ombi la pili hulifuta la kwanza. Mama alitaka asomewe, maana maandishi madogo hayaoni. Akisomewa mara mbili ameyashika. Sambamba na hayo msemaji na katibu waliandaa waraka wa ukurasa mmoja: wadi, tatizo, idadi ya nyumba zilizotembelewa, ombi, sahihi za wakaazi.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Zamu ya Bofu ilipofika, mama alisimama na leso yake kichwani, akasema, "Mimi naamka saa tisa za usiku kutega maji. Mwanangu anaamka nami. Akienda shule analala darasani. Bomba liko mlangoni kwangu. Ninaloomba ni ratiba. Tuambieni siku gani yanakuja na saa ngapi, na muiandike ibandikwe." Akakaa.

Palikuwa kimya, kisha wanawake wa nyuma wakaanza kusema naam, naam. Mwenyekiti wa kikao aliuliza hali hiyo iko nyumba ngapi. Msemaji alisimama mara moja tu siku ile, kupeleka waraka mezani na kutaja ukurasa na mstari. Akaomba nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikagongwa.

Nimehudhuria vikao vingi vya namna hii ambapo kijana wa chuo anasema kwa niaba ya watu na watu wenyewe wamekaa nyuma yake. Kijana aliyejiandaa kusema, kisha akaitumia elimu yake yote mwenye jambo asikike, ndiye kiongozi ninayemtaka Pwani hii. Nilimwambia hivyo tukiwa feri, mbele ya wenzake.

Juni

Mitihani. Kazi za nje zimesimama, isipokuwa waweka hazina, ambao hawakuruhusiwa na mama kuacha kuandika. Mwenyekiti wa kundi la Likoni ameomba kubadilishana nafasi na katibu wake kwa muhula ujao. Tumekubali.

Julai

Tumehesabu mikoko. Walio hai ni zaidi ya nusu, na waliofia topeni wengi wao ni wa zile safu za mbele. Viumbe vidogo vya gamba gumu vimegandia mashina yao mpaka yakalemewa. Mvuvi anasema pale mbele ni pa mlilana, mkoko ukae nyuma yake, na wenyeji wamekubaliana naye baada ya kuona. Katibu ameandika hesabu ya kila safu peke yake, walio hai na waliokufa, na nakala imeachwa kwa kikundi cha Mikindani.

Tathmini za walezi zimeingia. Muuguzi ameandika kurasa tatu, na makosa ya kila mtu yamo. Mama wa fedha amesema mwanafunzi wake anaweza kushika daftari la chama yeye akisafiri, jambo ambalo hajamruhusu hata binti yake. Mvuvi hakuandika; alimwambia mjumbe wa mtaa amwandikie: "Huyu anakuja kabla ya maji." Tumeibandika hivyohivyo katika faili ya kijana.

Yanayoendelea ni haya. Kundi la Mikindani linajisajili pamoja na wenyeji chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, inayotaka wanachama wasiopungua 10. Viongozi watachaguliwa kwa nafasi zilezile tulizozifundisha, na nusu yao watakuwa wa mtaani. Wanafunzi wapya watakaojiunga Septemba watawekwa kila mmoja pembeni ya aliyeitumikia nafasi mwaka huu. Likoni wanajiandaa na mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka, ambao hupelekwa bungeni kufikia Septemba mosi, kwa hivyo wajumbe wanarudi majumbani mwezi huu.

Ratiba ya maji bado haijabandikwa. Katibu wa Likoni ameandika barua ya kuiomba chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mistari sita, na nakala ya waraka wenye muhuri imeambatishwa. Ofisi ya umma hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Mama wa Bofu ameiweka sahihi yake ya kwanza, na anayefuatilia ni msemaji.